Kupandisha kasi ya prosesa yenye kizidishi kilichofungwa: Q6600 na ndugu zake wa Core 2

Kasi ya prosesa ni zao la namba mbili. Kwenye Core 2 Quad Q6600 namba ya kwanza ni FSB (saa ya njia inayounganisha prosesa na bodi) ya MHz 266, ya pili ni kizidishi cha 9. Ukizizidisha unapata takriban MHz 2,400, ndiyo ile GHz 2.4 iliyoandikwa kwenye boksi. Intel waliifunga namba ya pili kwa juu. Unaweza kuishusha hadi 6, lakini 10 hupewi, labda uwe na prosesa za Extreme kama X6800 au QX6700 zilizouzwa zikiwa wazi. Kwa hiyo anayetaka kasi zaidi hana budi kushika namba ya kwanza.

Ugumu unaanzia hapo, maana FSB haisafiri peke yake. RAM inapata kasi yake humo humo. Nothibriji, ile chipu iliyofunikwa na hitisinki ndogo kati ya prosesa na sloti ya kadi ya picha, nayo inakimbia kwa mwendo huo huo. Bodi isiyozifungia PCI na SATA kasi yao huziburuta nazo. Mashine ikigoma kuwaka, hujui aliyegoma ni nani. Wengi hupandisha kila kitu kwa mpigo mmoja, wakikwama wanaongeza volti kwa kubahatisha, mwisho wanaamini prosesa yao haipandi kumbe iliyoshindwa ni RAM. Dawa ni moja: tafuta kikomo cha kila kifaa kikiwa peke yake, ndipo uviunganishe.

Jambo moja la hesabu linalowachanganya wengi. Namba 1066 au 1333 kwenye boksi ni FSB mara nne, kwa kuwa data hupita mara nne katika kila mpigo wa saa. Kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya bodi, mara nyingi unaandika 266 au 333, siyo 1066.

Prosesa zilizokuja baadaye

Njia hii ni ya soketi ya Core 2, LGA775. Kuanzia kizazi cha Sandy Bridge cha mwaka 2011, Intel walifunga PCIe (njia ya kadi ya picha) na njia ya mawasiliano ya chipseti kwenye saa moja na prosesa, ya MHz 100, na ukiipandisha zaidi ya asilimia 3 hadi 5 mashine inaanza kuyumba. Aliye na i5-2400 kwenye bodi ya P67 au Z68 anaruhusiwa hatua 4 za kizidishi juu ya turbo (kasi ambayo prosesa hujipandishia yenyewe), yaani hadi GHz 3.8 kiini kimoja kikifanya kazi. Kizazi cha Skylake kilifunguka kwa muda mfupi: mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 zilitoka BIOS za baadhi ya bodi za Z170 zilizowezesha i5-6400 kufika hata 150 × 27, yaani GHz 4.05, lakini kwa gharama. Kipimo cha joto cha viini hakisomeki, maagizo ya AVX (ya hesabu nzito) yanakuwa mazito, na uwezo wa prosesa kupumzika unazimwa. Core 2 haikutozi gharama hizo. Tena ipo kwenye kompyuta kuukuu za mtumba, bei yake ni ndogo, na ukiiharibu unajifunza bila kulia sana.

Kabla ya kugusa BIOS

Bodi zinazofaa hasa ni za chipseti P35, P45, X38 na X48. G31 na G41 zinapanda, lakini mfumo wake wa kulisha prosesa umeme ni dhaifu, na quad (prosesa ya viini vinne) huubana hasa. Washa tochi ukague kapasita zilizozunguka soketi. Ikiwa hata moja imevimba kichwa au imevuja, acha kazi hadi ibadilishwe. Bodi ya namna hiyo inaonekana nzima kwenye matumizi ya kawaida, na huanguka pale unapoomba wati 50 zaidi.

Fungua programu ya CPU-Z uangalie kisanduku cha Revision. Q6600 zipo za aina mbili. B3 (SL9UM juu ya kifuniko) ni ya wati 105 na kikomo cha joto la kifuniko nyuzi 62.2. G0 (SLACR) ni ya wati 95 na kikomo cha nyuzi 71. Kama unanunua sasa, tafuta SLACR. Kwa B3, lenga GHz 3.0 na utulie hapo.

Hitisinki ya kiwandani ina miguu minne ya kusukuma, na hapa ndipo joto la ajabu linapotoka mara nyingi. Mshale uliochorwa juu ya kila mguu unaonyesha upande wa kufungulia, siyo wa kufungia. Kabla ya kusukuma, zungusha miguu yote iwe upande ulio kinyume na mshale, kisha sukuma kwa mshazari: wa juu kushoto, wa chini kulia, halafu miwili iliyobaki. Kila mmoja utoe mlio wa “tak”. Usiishie kuutegemea mlio. Geuza bodi uangalie nyuma: pini nyeusi lazima iwe imepenya na kutanua plastiki nyeupe katika matundu yote manne. Mguu mmoja ukiwa umening'inia, Core Temp, programu ya kupima joto, itakuonyesha nyuzi 90 na zaidi hata kabla hujapandisha chochote. Pesti kuukuu ifute kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya ya ukubwa wa punje ya mchele katikati, na usiipake kwa kidole.

Kwa lengo la zaidi ya GHz 3.0 hitisinki hiyo haitoshi. Tafuta ya mnara yenye feni ya mm 120.

Hifadhi nakala ya mafaili yako kwenye diski ya nje. RAM inayotoa makosa haiishii kuzima mashine tu. Huandika takataka kwenye diski kimyakimya, na Windows hufa baada ya siku mbili bila wewe kujua chanzo.

Mpangilio wa kuanzia

Ingia BIOS. Kwenye bodi za ASUS badili AI Tuning iwe Manual. Kwenye Gigabyte za wakati ule bonyeza Ctrl+F1 ukiwa ukurasa wa kwanza ili chaguo zilizofichwa zitokee, kisha ingia MB Intelligent Tweaker. Kabla ya kuongeza hata MHz moja, panga haya:

PCIE Frequency andika 100, na PCI ifunge kwenye 33.33 kama chaguo lipo. Usiiache kwenye Auto. Zima Spread Spectrum. Zima C1E na EIST, vya kupumzisha prosesa, kwa muda wa majaribio, la sivyo kizidishi kitakuwa kinashuka hadi 6 mashine ikipumzika na utadhani BIOS imekataa mabadiliko.

RAM iweke kwenye uwiano wa chini kabisa, 1:1. Gigabyte huandika 2.00, ASUS hukupa orodha ya kasi za DDR2, chagua ya chini kuliko zote. Kwa 1:1, FSB ya 333 inaipa RAM kasi ya DDR2-667 na FSB ya 400 inaipa DDR2-800. Muda wa RAM (namba nne za kuchelewa kwake) na volti yake andika kama ilivyo kwenye lebo, kwa mfano 5-5-5-15 na volti 1.8.

Kisha volti ya prosesa. Soma VID kwenye Core Temp, hiyo ndiyo volti ambayo kiwanda kiliipangia chipu yako. Za Q6600 hutofautiana, moja ina 1.2250 na nyingine 1.3000. Iandike mwenyewe kwenye BIOS. Auto ni mtego mbaya kuliko yote. Bodi ikiona FSB inapanda, hupandisha volti kwa kujihami, na unaweza kukuta 1.45 mahali ambapo 1.28 ingetosha. VTT (volti ya njia ya FSB) ya prosesa za nanomita 65 ni 1.2, nothibriji ya P35 ni 1.25. Nazo ziandike kwa mkono.

Kikomo cha bodi

Shusha kizidishi hadi 6, halafu panda: 300, 333, 350, 370, 390, 400. Uzuri wa 6 ni kwamba 400 × 6 ni GHz 2.4, kasi ile ile ya kiwandani, na RAM yako ya DDR2-800 iko ndani ya kipimo chake. Mashine ikianguka hapo, prosesa haina hatia wala RAM haina hatia. Kilichoshindwa ni nothibriji au njia ya FSB yenyewe. Kwenye kila hatua ingia Windows, endesha Prime95, programu ya kuibebesha mashine mzigo mkubwa, kwa jaribio la Blend dakika 15, kisha songa mbele.

Ikigoma, ongeza volti ya nothibriji kwa 0.05 na ujaribu tena. P35 hupelekwa hadi 1.40 mradi hitisinki yake ndogo inapata upepo. Iguse kwa kidole, na ikikuunguza kiasi cha kushindwa kuhesabu hadi tatu, iwekee feni ndogo. Kuna namba ambazo bodi huzikataa bila sababu inayoonekana, inakataa 360 na kukubali 375. Ukikwama, ruka MHz 10 hadi 15 ujaribu kabla ya kuamini umefika mwisho. Prosesa za quad nazo zina ukuta wake, chache hukataa kuvuka namba fulani hata uzipe volti kiasi gani. Ukiugonga, usipambane nao. Toa MHz 10 kwenye namba ya mwisho iliyotulia, iandike kwenye karatasi, hicho ndicho kikomo chako.

RAM

Ukiwa bado kwenye kizidishi cha 6 na FSB unayokusudia kuitumia, washa mashine kwa Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi au CD, uiache imalize mizunguko miwili. Kosa moja tu ni kufeli. Legeza muda kwenda 6-6-6-18 au ongeza volti 0.05, usivuke kilichoandikwa kwenye lebo kwa zaidi ya 0.1, na urudie mwanzo. Hatua hii inachosha, na ndiyo inayookoa Windows yako.

Sasa prosesa

Rudisha kizidishi cha 9 na FSB ya 266. Panda kwa 10 hadi 333, baada ya hapo kwa 5. Kila hatua, Prime95 jaribio la Small FFTs kwa dakika 20, Core Temp ikiwa wazi pembeni. Small FFTs inakaa ndani ya prosesa yenyewe na kuigusa RAM kidogo sana, kwa hiyo inakuambia ukweli wa prosesa.

Kiini kimoja kikisimama na Prime95 kuandika ujumbe wenye neno “Rounding”, volti imepungua. Ongeza 0.0125 au 0.025, siyo zaidi kwa mara moja. G0 nyingi hufika 333 × 9, yaani GHz 3.0, kwa volti ya kiwandani bila kuongezewa chochote. Kwa 356 × 9, GHz 3.2, tegemea kuhitaji 1.30 hadi 1.35. Kwa 400 × 9, GHz 3.6, unazungumzia 1.40 kwenda juu, na hapo tofauti ya chipu na chipu ni kubwa.

Volti utakayoisoma CPU-Z mzigo ukiwa mkubwa itakuwa chini ya uliyoandika BIOS. Umeandika 1.35, mashine ikipumzika unaona 1.33, Prime95 ikianza inashuka hadi 1.29. Intel waliipanga hivyo makusudi, ili volti isiruke juu ya kiwango pale mzigo unapoondoka ghafla. Bodi nyingine zina kitufe cha kuzuia mshuko huo. ASUS za wakati ule ziliuita CPU Voltage Damper, wengine Load-Line Calibration. Kwa prosesa za nanomita 65 kitumie ukivuka GHz 3.2. Kinachohesabika ni volti uliyoisoma mzigo ukiwepo, siyo uliyoandika.

Kikomo cha Intel kwa Q6600 ni volti 1.5. Usikifikie kwa matumizi ya kila siku, 1.40 kwa hitisinki nzuri inatosha. Wenye prosesa za nanomita 45, kama E8400 ya 333 × 9, wasome mstari huu mara mbili: kikomo chao ni 1.3625. Mtu aliyezoea Q6600 akiweka 1.45 kwenye E8400 mashine itawaka vizuri, itafurahisha, na baada ya miezi itaanza kuhitaji volti zaidi kwa kasi ile ile kwa sababu chipu inachakaa. VTT yake nayo ni 1.1, iache karibu na hapo.

Kwa nini volti inauma kuliko MHz? Umeme unaoliwa hukua sawasawa na kasi, lakini hukua kwa volti iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe. Chukua G0 ya wati 95 yenye 1.25. Ipeleke GHz 3.0 bila kugusa volti: 95 × 1.25, karibu wati 119. Ipeleke GHz 3.2 kwa 1.35: karibu wati 148. Ipeleke 3.6 kwa 1.45 na unafika wati 190 na ushei, mara mbili ya ulipoanzia, ilhali kasi imeongezeka kwa nusu tu. Wati zote hizo zinapita kwenye plagi ya volti 12 iliyo karibu na soketi. Ikiwa ya pini nne, iguse baada ya nusu saa ya Prime95. Ikiwa ya moto, au plastiki yake imebadilika rangi, pawa saplai hiyo siyo ya kazi hii.

Joto lenyewe: kwenye Core Temp, kiini cha moto kuliko vyote kisivuke 70 katika Small FFTs kwa matumizi ya kudumu. Joto la chumba huongezeka karibu moja kwa moja juu ya joto la prosesa. Chumba cha nyuzi 32 Mombasa au Dar es Salaam kina nyuzi 10 zaidi ya chumba cha 22, na prosesa nayo itaongeza karibu hizo hizo 10. Kwa hiyo jaribio la usiku wa manane halina uzito. Jaribio la mwisho lifanye kuanzia saa saba mchana, dirisha likiwa kama linavyokaa siku zote, sanduku la kompyuta limefungwa ubavu, angalau saa nane mfululizo za Blend.

Ikipita, washa tena EIST na C1E. Mashine ikipumzika kizidishi kishuke hadi 6, kikipewa kazi kirudi 9. Mashine nyingi hutulia hivyo; ikianza kuganda ikiwa haina kazi, zima C1E pekee.

Ikikwama

Skrini nyeusi, feni zinazunguka, hakuna picha: chomoa waya ukutani, sogeza jampa ya CLRTC (ya kufuta mipangilio ya BIOS) kwa sekunde 10, uirudishe. Kama huioni, toa betri ya CR2032 kwa dakika 5. Mipangilio yote inafutika, ndiyo maana tulisema namba ziandikwe kwenye karatasi.

Small FFTs inapita saa nzima lakini Blend inafeli: rudi kwenye RAM na nothibriji, usiongeze volti ya prosesa. Mashine inaganda kabisa bila skrini ya buluu: mara nyingi ni nothibriji au VTT. Diski ya SATA inapotea au inatokea na kupotea: PCIE haikufungwa kwenye 100. Kasi imepanda lakini kazi inakwenda polepole kuliko awali: prosesa inajishusha kwa joto, tazama hitisinki.

Kompyuta za Dell na HP za ofisini

OptiPlex na HP Compaq hazina sehemu ya FSB kwenye BIOS. Programu ya SetFSB hubadili saa ukiwa ndani ya Windows, lakini inataka jina la chipu inayotengeneza saa. Itafute kwenye bodi karibu na kristali ndogo yenye kifuniko cha chuma iliyoandikwa 14.318. Mabadiliko yake hufutika ukizima mashine. Bahati mbaya watengenezaji wengi huifunga chipu hiyo, na SetFSB itasoma bila kuweza kuandika.

Inabaki selotepu. Prosesa huiambia bodi FSB inayoitaka kwa pedi tatu za BSEL zilizo chini yake. Kwa prosesa ya 266, ukifunika BSEL2 peke yake, pedi G30, bodi inasoma 333. Kata kipande kisichozidi pedi moja, kiwe chembamba, kisiguse jirani. Mchoro wa Intel wa pedi ulinganishe na alama za pembe za prosesa kabla ya kubandika, maana ukiigeuza prosesa juu chini kushoto na kulia vinabadilishana, na wengi hufunika pedi ya upande usio sahihi. Chipseti lazima iwe inakubali 1333, kama Q35 au Q45. Q965 ya OptiPlex 745 haikubali. Volti huwezi kuiongeza, kwa hiyo chagua prosesa ambayo 333 haitaibana. Q6600 G0 na E6600 zinakwenda GHz 3.0, hizo zinafaa. E7400 yenye kizidishi cha 10.5 ingeruka hadi GHz 3.5 kwa volti ya kiwandani, na kwa nyingi huo ni mruko mkubwa mno. Isipowaka, toa selotepu, futa gundi kwenye pedi kwa isopropili, iache ikauke, na prosesa inarudi 266 kama ilivyotoka kiwandani.